TUPIME KWA KIPIMO CHA KIKUNDI
Jinsi makundi potovu yanavyowanasa watu, na dalili za kuangalia

(Mazungumzo kwa wenyeviti, waandishi na waweka hazina wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, ili yasomwe kwa sauti katika mikutano yenu.)

 

Siku nyingine tukija hapa huongea juu ya mbuzi wa maziwa, matangi ya maji, na hesabu za kikundi. Leo tumekuja na jambo ambalo wengine watasema, "Hilo ni la wachungaji, si la maendeleo." Sisi tunasema ni la maendeleo kabisa. Mtu akiuza shamba, akatoa watoto shule, akatupa dawa, na akakatana na jamaa zake wote, kuna maendeleo gani yamebaki hapo?

Yaliyotokea Shakahola

Mnakumbuka mwezi wa Aprili 2023. Polisi waliingia katika msitu wa Shakahola, upande wa ndani wa Kaunti ya Kilifi, wakakuta watu waliokonda mpaka hawawezi kusimama. Wakakuta na makaburi. Miili iliyofukuliwa ilipita 400, na mingi ilikuwa ya watoto. Wapasuaji walisema wengi walikufa kwa njaa, na wengine walionyesha alama za kunyongwa au kupigwa.

Watu hao walikuwa wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie, aliyekuwa na kanisa lake Malindi tangu mwaka 2003. Alifundisha kwamba shule ni mbaya, hospitali ni mbaya, na vitambulisho vya serikali ni alama ya mnyama. Mahubiri yake yalifika mbali kwa televisheni na video, hata watu wakatoka sehemu nyingi za Kenya kumfuata. Mwaka 2019 alifunga kanisa la Malindi. Watu wakahamia msituni, wakapewa viwanja katika vijiji vyenye majina ya Biblia, kama Bethlehemu na Nazareti. Huko ndiko walikoambiwa wafunge mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Walionusurika walieleza kwamba kulikuwa na zamu: watoto waanze.

Mwaka 2024 yeye na wafuasi kadhaa walishtakiwa kwa mauaji, kwa kuua bila kukusudia, kwa ugaidi, na kwa kuwatesa watoto. Walikana mashtaka. Kazi ya kuhukumu ni ya mahakama. Lakini mwaka 2025 makaburi mengine yalipatikana Kwa Binzaro, katika eneo lile lile la Chakama. Maana yake, ndugu zetu, kumkamata mtu mmoja hakumalizi jambo hili. Ni lazima kijiji chenyewe kijue kuangalia.

Hakuna anayejiunga na kundi potovu

Watu wengi walisema, "Wale walikuwa wajinga." Tusiseme hivyo. Walikuwemo watu waliosoma, wenye kazi zao na mashamba yao. Na tena, mtu akidhani ni wajinga tu wanaonaswa, yeye hatajichunga.

Ukweli ni huu: hakuna mtu anayejiunga na kundi potovu. Mtu hujiunga na watu wema. Hebu tumfikirie mama mmoja aliyefiwa na mume. Jamaa wanagombania shamba. Mtoto ni mgonjwa. Wanakuja watu wa maombi, wanamletea unga na sukari, wanakesha naye, wanamwita dada. Je, hapo kuna ubaya? Hakuna. Ni mambo ambayo sisi wenyewe tungepaswa kumfanyia.

Huko Marekani kulikuwa na mhubiri aliyeitwa Jim Jones. Alianza katika miaka ya 1950 katika mji wa Indianapolis. Kanisa lake liliwakaribisha watu weusi na weupe pamoja wakati ambapo makanisa mengi yaliwatenga. Lililisha maskini na kutunza wazee. Watu walikuwa na sababu nzuri ya kumpenda. Baadaye aliwahamishia mamia ya wafuasi katika msitu wa Guyana, Amerika ya Kusini. Paspoti zao zikachukuliwa. Tarehe 18 Novemba 1978 zaidi ya watu 900 walikufa, wengi kwa sumu, na karibu theluthi moja walikuwa watoto. Kutoka wema ule mpaka sumu ile kulikuwa na ngazi, na watu walipanda hatua kwa hatua.

Ngazi zenyewe

Tumesoma habari za makundi haya, na ngazi zinafanana sana.

Ya kwanza ni mapenzi mengi ya haraka haraka. Unasifiwa, unaitwa mteule, unaambiwa Mungu alikuonyesha kwa kiongozi katika ndoto. Kila siku kuna mtu wa kwenu mpya mlangoni.

Ya pili ni kukuchosha. Mikesha mingi, chakula kidogo, usingizi kidogo. Ninyi mnajua mtu asiyelala anavyokuwa. Hata kuhesabu pesa za mzunguko anakosea. Mtu aliyechoka hawezi kupima maneno. Anaitikia tu.

Ya tatu ni kutoa siri. Unaambiwa uungame mbele ya wote, useme mambo ya ndoa yako na makosa yako ya zamani. Siku ukitaka kuuliza swali, siri ile inatolewa kama fimbo.

Ya nne ni kukutenga. Kwanza unaambiwa jamaa zako hawaelewi. Halafu, ni watu wa dunia. Mwishowe, ni adui. Kanungu, kusini magharibi ya Uganda, kundi la Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde liliwatenganisha hata mume na mke, na wafuasi walikatazwa kuzungumza. Waliongea kwa ishara za mikono. Sasa fikirini: mtu asiyeruhusiwa kusema na mwenzake atajuaje kwamba mwenzake naye ana shaka?

Ya tano ni kukutoa mali. Uza shamba, uza ng'ombe, leta pesa, kwa maana mwisho u karibu. Hii si ya kutajirisha kiongozi tu. Inafunga njia ya kurudi. Mtu aliyeuza kila kitu akigundua amedanganywa, atarudi wapi? Ni vigumu sana kukubali kwamba ulitupa shamba la baba yako kwa uongo. Ni rahisi kuendelea kuamini.

Ya sita ni hofu, na kuzoezwa mabaya kidogo kidogo. Jim Jones aliwapa watu kinywaji mapema, akawaambia ni sumu, wakanywa, kisha akasema alikuwa anawajaribu tu. Siku sumu ya kweli ilipokuja, wengi walikuwa wamekwisha kuzoea kutii.

Na kiongozi akikosea je? Huko Kanungu watu waliambiwa dunia itakwisha tarehe 31 Desemba 1999. Siku ikapita. Jua likachomoza kama kawaida. Watu wakaanza kudai mali zao walizotoa. Tarehe 17 Machi 2000 mamia yao, pamoja na watoto, waliteketea katika jengo lililofungwa milango na madirisha. Miili mingine ikapatikana baadaye katika mashimo kwenye nyumba za kundi hilo. Maswali ya watu wale yalikuwa ya haki, lakini walikuwa wamechelewa kuuliza. Ndiyo maana tunataka tujue kuuliza mapema.

Kipimo mnacho tayari

Labda mtu atasema, "Sisi hatukusoma teolojia. Tutamjuaje mhubiri wa kweli na wa uongo?" Ndugu zetu, kipimo mnacho. Ni kile kile mnachotumia katika kikundi chenu kila mwezi. Kisanduku cha akiba kina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu. Mliweka hivyo kwa nini? Si kwa sababu mweka hazina ni mwizi. Ni kwa sababu mtu yeyote, hata mwema, hatakiwi kuachwa peke yake na kitu cha wengine. Basi, roho za watu si zaidi ya kisanduku?

Tuulize maswali matano.

1. Je, vitabu viko wazi? Mnasema wenyewe, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika kikundi chenu mwanachama yeyote anaweza kusema, "Tusomee hesabu." Kama sadaka zinakwenda kwa mtu mmoja na kuuliza kunaitwa dhambi, angalieni.

2. Je, kiongozi anaweza kuulizwa, na anaweza kuondolewa? Mwenyekiti wenu anachaguliwa, na akiharibu mnamtoa. Kama kiongozi anasema yeye peke yake husikia sauti ya Mungu, hakuna wazee juu yake wala kando yake, basi hakuna wa kumzuia siku atakapopotoka. Katika Matendo ya Mitume, watu wa Beroya walisifiwa kwa kuchunguza Maandiko waone kama hata mafundisho ya Paulo ni kweli. Kama mtume alichunguzwa, nani leo ni mkubwa wa kutoulizwa?

3. Je, mtu anaweza kutoka? Katiba ya kikundi inasema mwanachama akitaka kutoka anatoa taarifa, anapewa akiba yake, na tunasalimiana njiani. Mahali ambapo anayetoka analaaniwa, anafuatwa usiku, au anaambiwa watoto wake watakufa, hapo si kanisa, ni jela.

4. Je, mtu anaruhusiwa kuwa na watu wengine? Mama wa kikundi hiki yuko pia kwenye kwaya, kwenye ukoo wake, na pengine kwenye chama kingine cha sokoni. Hatumkatazi. Mafundisho yanayokata nyuzi zote mpaka ubaki na uzi mmoja tu, hayo ni ya mtego. Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

5. Je, mtoto na mgonjwa wako salama? Swali hili ndilo kubwa kuliko yote. Kufunga kwenyewe si kosa. Waislamu wanafunga Ramadhani na Wakristo wanafunga Kwaresima. Lakini katika hiyo yote jioni inafika watu wanakula, na mtoto mdogo, mgonjwa, na mama mjamzito wanaachiliwa. Mtu akisema mtoto afunge, au dawa itupwe, msisubiri jibu la maswali yale mengine.

Angalieni, hatukusema mtu ni wa hatari kwa sababu anaimba kwa ngoma, anavaa kanzu, anaabudu Jumamosi, au anaomba kwa sauti kubwa. Katiba ya Kenya inampa kila mtu uhuru wa kuabudu. Na maswali haya si ya makanisa madogo peke yake. Tuyaulize hata katika kanisa letu hili lililotutuma hapa. Likishindwa kujibu, liambiwe.

Dalili zinazoonekana kijijini

Mara nyingi kikundi ndicho cha kwanza kuona, kabla ya chifu na kabla ya polisi. Hizi ndizo dalili:

- Mwanachama anatoa akiba yake yote ghafla na hasemi ni ya nini.
- Anauza ng'ombe au shamba kwa bei ya kutupa, kwa haraka.
- Watoto wametolewa shule na hawachezi nje.
- Kadi ya kliniki, vyeti na vitambulisho vinachomwa au kutupwa.
- Hafiki tena mazishini, hata ya jirani wa karibu.
- Anaongea maneno yasiyo yake, kama kanda iliyorekodiwa, na akiulizwa hukasirika au huogopa.
- Amekonda, na watoto wamekonda, na chakula kipo nyumbani.
- Familia nzima inahamia mbali, na hakuna anayejua hasa ni wapi.

Dalili moja peke yake inaweza kuwa shida nyingine tu: deni, ugonjwa, au ugomvi wa nyumbani. Zikiwa tatu au nne pamoja, msikae kimya.

Tufanye nini?

Kwanza, msimcheke na msimtukane kiongozi wake. Mkimtukana mtathibitisha yale aliyoambiwa, kwamba ninyi ni adui. Chagueni watu wawili anaowapenda, waende kumwona. Si kumi, wala si kamati nzima. Wamwulize habari za nyumbani, wasikilize, na waulize maswali kwa upole: "Ile shamba uliyotoa, iliandikwa kwa jina la nani?" "Yule aliyetoka mwaka jana, yuko wapi sasa?" Acheni swali likae ndani yake. Mbegu haioti siku ile ile.

Pili, msimfute kwenye kitabu. Hii tunaisema kwa nguvu. Vikundi vingi vina sheria kwamba asiyefika mikutano mitatu anatolewa. Kwa mtu wa namna hii, andikeni "hayupo" na mwacheni nafasi yake. Siku akili yake ikirudi, awe na mlango mmoja ambao haujafungwa. Yule anayemtenga anataka sana ninyi mfunge mlango huo.

Tatu, linda shamba. Ardhi ya kilimo haiuzwi hivi hivi. Inahitaji idhini ya bodi ya ardhi. Na nyumba au shamba la familia haliuzwi bila mke au mume kukubali. Mwenye ndoa ana haki ya kwenda mbele ya bodi na kusema hapana. Mwende mapema, kabla pesa hazijapokelewa.

Nne, habari za mtoto hazingoji kikao. Mtoto akinyimwa chakula, dawa au shule, nendeni kwa chifu, kwa afisa wa watoto, au kituo cha polisi siku hiyo hiyo. Mnaweza pia kupiga simu nambari 116, ya kusaidia watoto, bila malipo. Andikeni tarehe, jina la mliyemwambia, na alichojibu. Mwandishi wa kikundi anajua kazi hii. Mkiona hakuna kilichofanyika, nendeni kwa mkubwa wake na karatasi yenu mkononi. Mackenzie aliwahi kukamatwa na kufikishwa mahakamani tangu mwaka 2017, na bado watu walikuja kufa. Kusema mara moja hakutoshi.

Tano, mkimpata mtu aliyekaa na njaa siku nyingi, msimwekee sahani ya ugali iliyojaa. Mwili uliokauka ukijazwa chakula ghafla unaweza kushindwa, na mtu akafa mikononi mwenu. Mpelekeni hospitali haraka, walishe kidogo kidogo chini ya macho ya daktari.

Anayerudi

Tumalizie na hao wanaorudi, kwa sababu wako, na kesho anaweza kuwa wa kijiji chenu. Atarudi bila shamba, bila pesa, pengine bila mtoto. Ataona haya kutembea mchana. Watu watanong'ona kisimani.

Hapo ndipo kikundi kitajulikana ni kikundi cha namna gani. Huyo mtu aliponaswa mara ya kwanza, alinaswa kwa unga na sukari na neno la "dada." Hakuzipata kwetu, alizipata kwa wale. Basi akirudi azipate kwetu. Apewe jembe, apewe mahali pa kulima msimu mmoja, jina lake liitwe mkutanoni kama la wengine. Msimlazimishe kueleza yote. Aeleze siku akitaka.

Na wale wajane, wagonjwa na vijana wasio na kazi ambao hawajanaswa bado, tusingoje mtu mwingine awatembelee kwanza. Mkitoka hapa leo, kila mtu amfikirie mmoja ambaye hajaonekana kikundini kwa muda. Jioni apite kwake.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Je, kuna mwanachama aliyeacha kufika bila sisi kujua sababu? Nani atakwenda kumwona, na lini?
2. Tusome katiba yetu. Inasema nini juu ya mtu anayetaka kutoka, na juu ya asiyefika mikutanoni?
3. Tupime kikundi chetu wenyewe, na makanisa yetu, kwa yale maswali matano. Tumepungukiwa wapi?
4. Afisa wa watoto wa sehemu yetu yuko wapi? Mwandishi aandike jina la ofisi na nambari ya simu nyuma ya kitabu cha kumbukumbu.